Uteuzi wa Mfumo wa Eksirei ya Tarakilishi Hospitalini: Maswali, Maarifa na Istilahi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna hospitali inavyoweza kuteua mfumo wa eksirei ya tarakilishi, yaani mfumo unaotumia kaseti yenye bamba la fosfa badala ya filamu inayosafishwa kwa dawa. Hoja kuu ni kwamba hatari kubwa zaidi ya mfumo huu haionekani machoni: mgonjwa anaweza kupigwa mionzi mingi kuliko anavyohitaji na picha yake ikatoka nzuri zaidi. Kwa sababu hiyo, uteuzi mwema hautegemei uzuri wa picha za maonyesho, bali maswali yanayoulizwa kabla ya fedha kutolewa. Aidha, makala yanaonyesha kwamba maswali hayo huulizwa na watu wa taaluma mbalimbali, na kwamba istilahi za Kiswahili zilizoundwa kwa kufuata dhana zinaweza kuwakutanisha watu hao. Istilahi zilizoundwa kwa kufuata umbo la neno la kigeni huweza kuwapotosha.

1.0 Utangulizi

Wilhelm Conrad Röntgen aliigundua mionzi ya eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Mwaka 1901 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya fizikia. Kwa muda wa miongo mingi baada ya hapo, picha ya eksirei ilikuwa kitu cha kushikwa mkononi: filamu iliyopigwa, ikatiwa katika dawa ndani ya chumba cha giza, ikaoshwa, ikaanikwa na hatimaye ikainuliwa kwenye mwanga ili daktari aitazame.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1983 kampuni ya Fuji ya Japani ilipoingiza sokoni mfumo wa kwanza wa eksirei ya tarakilishi. Katika mfumo huo mtambo wa kupigia mionzi hubaki ule ule, lakini filamu huondolewa na mahali pake hutiwa bamba linaloweza kutumika tena na tena. Hii ndiyo sababu mfumo huu ulipata nafasi katika hospitali nyingi zisizo na uwezo mkubwa: haukuilazimu hospitali kuutupa mtambo wake wa zamani.

Nchini Kenya, huduma nyingi za afya zilihamishiwa serikali za kaunti mwaka 2013 kufuatia Katiba ya 2010. Uamuzi kuhusu vifaa vya hospitali ukawa, kwa kiasi kikubwa, uamuzi wa watu walio karibu na mgonjwa. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya tiba kwa ajili ya hospitali za kaunti, vikiwemo vya picha. Kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo iliwasilisha ripoti yake mwaka 2020, na miongoni mwa mambo yaliyojitokeza ni kuwepo kwa vifaa vilivyokaa bila kutumiwa. Funzo lililopatikana ni bayana. Kifaa kizuri kinachofika mahali pasipo umeme wa kutosha wala mtaalamu wa kukitumia hakimtibu mtu.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jarida la wanafunzi wa Kiswahili lijishughulishe na suala hili. Jibu ni kwamba ununuzi wa kifaa cha tiba, kabla ya kuwa suala la fedha, ni suala la maelezo. Hospitali huandika inachotaka, wazabuni hujibu walicho nacho, na kamati husoma na kulinganisha. Neno lisiloeleweka katika hatua hiyo hugeuka kuwa hasara katika hatua inayofuata.

2.0 Jinsi Mfumo Unavyofanya Kazi

Ni muhali kuteua kitu ambacho utendaji wake haufahamiki. Mfumo wa eksirei ya tarakilishi una sehemu nne za kimsingi: kaseti yenye bamba ndani yake, mashine ya kuchanganua bamba, tarakilishi ya kuandalia picha, na skrini ya kuifasiria picha hiyo pamoja na hifadhi yake.

Bamba hupakwa tabaka la fosfa. Aghalabu fosfa hiyo ni mchanganyiko wa bariamu, florini na bromini uliotiwa chembe chache za yuropiamu. Mionzi inapopita mwilini mwa mgonjwa na kulifikia bamba, sehemu ya nishati yake hunaswa ndani ya fosfa na kukaa humo. Hapo picha imekwisha kuwepo, ila haionekani. Kaseti hupelekwa kwenye mashine ya kuchanganua, ambako leza ya mwanga mwekundu hupita juu ya bamba mstari baada ya mstari. Leza hiyo huiachilia nishati iliyonaswa, nayo hutoka kama mwanga wa rangi ya samawati. Mwanga huo hupokewa, huzidishwa na kugeuzwa kuwa tarakimu. Tarakimu hizo ndizo picha. Mwishowe bamba humulikwa kwa mwanga mkali ili mabaki yote yafutike, kisha hurudishwa kazini.

Mambo mawili yanajitokeza katika maelezo haya, na yote mawili yana uzito katika uteuzi. Kwanza, picha iliyonaswa hufifia kadiri saa zinavyopita. Kaseti iliyopigwa alfajiri na kusahauliwa wodini hadi jioni haitatoa picha ile ile. Pili, bamba hunasa pia mionzi michache iliyomo katika mazingira. Kwa hiyo kaseti iliyokaa siku nzima bila kutumika inapaswa kufutwa kwanza, la sivyo picha ya mgonjwa ajaye itabeba ukungu usio wake.

3.0 Maswali ya Uteuzi

3.1 Wingi wa Kazi

Swali la kwanza si "Mashine ipi ni bora?" bali "Hospitali hii ina wagonjwa wangapi wa eksirei, na hufika saa ngapi?" Tuseme hospitali ya kaunti hupokea wagonjwa 80 wa eksirei kwa siku, na kila mmoja kwa wastani hupigwa picha moja na nusu. Hizo ni picha 120. Iwapo asilimia 60 ya kazi hiyo huangukia kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana, picha 72 zitachanganuliwa katika muda wa saa nne, yaani picha 18 kwa saa. Mashine inayochanganua kaseti moja moja, kwa kasi ya kaseti 40 au zaidi kwa saa, yatosha.

Hata hivyo, kasi inayoandikwa katika kijitabu cha matangazo yaweza kuwa imepimwa kwa kaseti ndogo au kwa uchanganuzi usio wa kina. Kamati inapaswa kuuliza kasi ya kaseti ya sentimita 35 kwa 43, ambayo hutumiwa kwa kifua cha mtu mzima, kwa kiwango cha kina ambacho hospitali itakitumia kila siku. Isitoshe, idadi ya kaseti ina umuhimu sawa na kasi ya mashine. Ajali ya matatu ikitokea na majeruhi kumi wakaletwa kwa pamoja, hospitali yenye mashine ya kasi na kaseti tatu pekee itamfanya radiografa asubiri kaseti, naye mgonjwa amsubiri radiografa.

3.2 Ubora wa Picha

Picha ya tarakilishi ni mkusanyiko wa nukta ziitwazo pikseli. Pikseli zikiwa ndogo, mambo madogo huonekana, kama vile ufa mwembamba katika mfupa wa kidole. Lakini udogo huo una gharama. Kaseti ya sentimita 35 kwa 43 ikichanganuliwa kwa pikseli za milimita 0.2, hutoa pikseli 1,750 kwa 2,150, jumla yake ikiwa karibu milioni 3.8. Kila pikseli ikichukua baiti mbili, picha moja huwa na megabaiti 7.5 hivi. Pikseli zikipunguzwa hadi milimita 0.1, picha hiyo hiyo huwa na megabaiti 30.

Kwa hospitali ya mfano uliotolewa, picha 120 za megabaiti 7.5 ni takriban megabaiti 900 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi, hizo ni gigabaiti 270 kwa mwaka. Kwa pikseli ndogo, hesabu hiyo huzidishwa mara nne na kupita terabaiti moja. Hesabu hizi ni za kiwango cha juu kabla ya picha kubanwa, kwani si kila kaseti ni kubwa. Hata hivyo, zinadhihirisha kwamba uamuzi kuhusu ubora wa picha ni uamuzi kuhusu hifadhi pia, na mambo haya mawili hayafai kuamuliwa na watu wawili wasiozungumza.

3.3 Kiasi cha Mionzi

Hiki ndicho kiini cha mjadala. Katika enzi ya filamu, kosa lilijitangaza. Mionzi ikizidi, filamu ilikuwa nyeusi tititi. Ikipungua, filamu ilikuwa nyeupe. Vyovyote vile, radiografa aliliona kosa lake papo hapo, na msimamizi wake aliliona katika pipa la filamu zilizoharibika. Pipa hilo lilikuwa shahidi, na yaliyomo yaliweza kuhesabiwa mwisho wa mwezi.

Eksirei ya tarakilishi imemwondoa shahidi huyo. Bamba la fosfa hupokea viwango vya mionzi vinavyotofautiana sana, kisha tarakilishi hurekebisha weusi na weupe hadi picha ipendeze. Mionzi ikipungua, picha huwa na chenga na daktari hulalamika. Mionzi ikizidi, chenga hupungua na daktari husifu. Kanuni ya kifizikia ni kwamba ili chenga zipungue kwa nusu, mionzi lazima iongezwe mara nne. Si ajabu basi kwamba radiografa anayelalamikiwa leo na kusifiwa kesho huongeza mionzi kidogo kidogo pasipo kukusudia, mpaka kiasi kilichokuwa cha mtu mnene kinakuwa cha kila mtu. Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilitoa mwaka 2004 chapisho lake nambari 93 kuhusu suala hili hili la kudhibiti mionzi kwa wagonjwa katika picha za kidijitali. Anayeumia zaidi ni mtoto, kwa maana tishu zake zinazokua huathiriwa na mionzi kwa wepesi, na miaka iliyo mbele yake ni mingi. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu.

Je, kamati iulize nini? Kuna maswali matatu. Swali la kwanza: mfumo unaonyesha kiashirio cha mionzi kwa kila picha, na je, kiashirio hicho kinafuata kiwango cha kimataifa cha IEC 62494-1 kilichotolewa mwaka 2008? Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na namba zake. Namba ya Fuji ilipungua kwa nusu mionzi ilipoongezeka maradufu, ilhali ile ya Kodak iliongezeka kwa 300. Radiografa aliyehama kutoka hospitali moja hadi nyingine aliweza kuifasiri namba kinyume kabisa. Katika kiwango kipya kuna kiashirio cha mkengeuko: sufuri humaanisha kwamba lengo limefikiwa, jumlisha 3 humaanisha kwamba mionzi ni takriban maradufu ya lengo, na toa 3 humaanisha takriban nusu yake. Namba hii inaweza kufundishwa kwa asubuhi moja na kusomwa na kila mtu.

Swali la pili: mfumo unahifadhi orodha ya picha zilizofutwa na sababu za kufutwa kwake? Picha ya tarakilishi hufutika kwa kubonyeza kitufe kimoja, na mgonjwa aliyepigwa mara tatu huonekana katika kumbukumbu kana kwamba alipigwa mara moja. Orodha hii ndiyo inayochukua nafasi ya lile pipa.

Swali la tatu: picha ikikatwa kingo kwa tarakilishi, je, eneo zima lililopigwa mionzi linabaki katika kumbukumbu? Kukata kingo huifanya picha ya kifua cha mtoto ionekane nadhifu hata kama mionzi ilimpata tangu kidevuni hadi mapajani. Unadhifu wa namna hiyo ni wa skrini, wala si wa mwili.

3.4 Hifadhi na Mawasiliano

Mfumo unaoteuliwa leo utaishi pamoja na mifumo mingine. Kwa sababu hiyo picha zake sharti zitolewe kwa kiwango cha DICOM, ambacho kimetumika kwa jina hilo tangu mwaka 1993 na huiwezesha mashine ya kampuni moja kuelewana na skrini ya kampuni nyingine. Haitoshi mzabuni kuandika kwamba mfumo wake "unafuata DICOM". Aonyeshe ni huduma zipi za kiwango hicho zimo katika bei: kutuma picha, kuchapisha, na kupokea orodha ya wagonjwa kutoka kwenye masijala. Huduma hii ya mwisho huzuia jina la mgonjwa kuandikwa kwa namna tatu tofauti, jambo ambalo katika nchi yenye majina yetu haya, kina Wanjiku na Njoki, Otieno na Athieno, ni tatizo la kila siku.

Vilevile pana suala la siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Picha inayotumwa kwa daktari aliye mbali kwa simu ya mkononi ya mfanyakazi haijalindwa. Kamati iulize picha zitasafiri kwa njia ipi, na ni nani atakayekuwa na ufunguo.

3.5 Umeme, Matengenezo na Gharama

Bei ya kununulia ni sehemu tu ya gharama. Tuchukue mfano wa kubuni usiowakilisha bei ya soko. Mzabuni wa kwanza anataka shilingi milioni 3, na matengenezo ya shilingi 600,000 kwa mwaka. Mzabuni wa pili anataka milioni 4, na matengenezo ya shilingi 250,000 kwa mwaka. Katika muda wa miaka saba, wa kwanza atakuwa amelipwa milioni 7.2 na wa pili milioni 5.75. Kamati inayotazama ukurasa wa kwanza pekee itamteua aliye ghali ikidhani imebana matumizi.

Katika hesabu hiyo sharti pawemo mabamba ya akiba, kwani bamba huchubuka na kupasuka. Sharti pia pawemo leseni za programu, filamu kavu za kuchapishia kwa ajili ya wagonjwa wanaopewa rufaa, betri za kukinga mfumo umeme unapokatika, na mafunzo ya watumiaji. Mafunzo yasiishie siku ya uzinduzi, bali yarudiwe baada ya miezi michache watumiaji wakiwa wameshakutana na matatizo halisi. Fundi wa vifaa vya tiba wa hospitali yenyewe afunzwe kazi ndogondogo. Kwa mfano, mstari mwembamba ulionyooka unaojirudia mahali pale pale katika kila picha huweza kuwa vumbi lililotua kwenye njia ya mwanga ndani ya mashine. Fundi anayelijua hili atasafisha. Asiyelijua atasubiri mgeni kutoka Nairobi kwa wiki mbili, na wagonjwa watapelekwa kwingine.

Baada ya kusimikwa, mfumo upimwe kabla ya kupokewa. Chama cha Wanafizikia wa Tiba cha Marekani kilitoa mwaka 2006 ripoti nambari 93 inayoeleza vipimo vya kupokea mifumo ya aina hii: kama bamba linatoa picha sawia pande zote, kama linafutika kikamilifu, na kama umbali unaopimwa kwenye skrini ni sahihi. Nchini Kenya, matumizi ya mionzi husimamiwa na mamlaka iliyoundwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019, na idara ya picha haina budi kuwa na leseni yake. Malipo ya mwisho kwa mzabuni yafuate vipimo, yasitangulie.

3.6 Kaseti au Paneli?

Swali hili halikuwa zito miongo miwili iliyopita, lakini leo haliepukiki. Paneli bapa za kidijitali hutoa picha kwa sekunde chache bila kaseti kubebwa hadi kwenye mashine, na kwa jumla zinaweza kutoa picha nzuri kwa mionzi michache kuliko bamba la kawaida la fosfa. Nchini Marekani, sheria iliyopitishwa Desemba 2015 ilipunguza malipo ya bima ya serikali kwa picha zilizopigwa kwa kaseti za fosfa: asilimia 7 kuanzia mwaka 2018, na asilimia 10 kuanzia mwaka 2023. Soko kubwa likielekea upande mmoja, watengenezaji nao huelekea huko.

Hii si kusema kwamba kaseti haina nafasi. Hospitali yenye mtambo mzima wa zamani, vyumba viwili vya eksirei na fedha kidogo inaweza kuhudumia vyumba vyote viwili kwa mashine moja ya kuchanganua. Kaseti ikianguka, hasara ni ya kaseti moja. Paneli ikianguka, hasara yaweza kuwa ya bajeti ya mwaka. Hata hivyo, "bura yangu sibadili na rehani" si kanuni ya ununuzi. Atakayechagua kaseti leo apate ahadi ya maandishi kuhusu miaka ambayo vipuri na mabamba yataendelea kupatikana, na atazame kama programu na skrini anazonunua zitaweza kutumika na paneli siku atakapoimudu.

4.0 Suala la Istilahi

Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ndani ya chumba cha eksirei Kiswahili kimetawala tangu zamani: "Vuta pumzi, ishike, usitikisike." Hati za zabuni, kinyume chake, huandikwa kwa Kiingereza. Kati ya chumba na hati kuna watu wengi ambao ujuzi wao wahitajika: fundi, mhasibu, mtunza ghala, muuguzi wa wodi, hata mhudumu anayebeba kaseti. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003, ishara kwamba taaluma hii inaweza kuzungumziwa kwa Kiswahili. Lililobaki ni kuzipima istilahi za kila tawi moja baada ya jingine. Mifano minne itatosha.

Kwanza ni "fosfa". Mfasiri mwenye haraka ataandika "fosforasi", kwa kuwa maneno hayo mawili yanafanana katika lugha ya asili. Lakini fosforasi ni elementi ya kikemia, na mchanganyiko wa bamba uliotajwa hapo juu hauna fosforasi yoyote. Fosfa ni jina la dutu yoyote inayotoa mwanga baada ya kupokea nishati. Utohozi wa namna mbili tofauti ndio unaolinda maana.

Pili ni "kusoma". Husemwa kwamba mashine inasoma kaseti, na husemwa pia kwamba daktari anasoma picha. Katika mkataba, sentensi "picha isomwe katika dakika kumi" yaweza kumfunga mzabuni au kumfunga daktari, kutegemea anayeisoma sentensi yenyewe. Makala haya yametumia "kuchanganua" kwa mashine na "kufasiri" kwa daktari. Kwa msingi huo huo, radiografa ni mpigaji wa picha na radiolojisti ni daktari mfasiri. Kuwaita wote "daktari wa eksirei", kama ilivyozoeleka, hufuta tofauti ya majukumu.

Tatu ni "chenga". Kutafsiri dhana hii kuwa "kelele za picha" ni kufuata umbo la Kiingereza. Watazamaji wa televisheni walikuwa wameshaipa jina picha yenye punjepunje: ina chenga. Istilahi iliyokwisha kuwepo vinywani mwa watu haihitaji kuundwa upya, inahitaji kupewa mipaka tu.

Nne, na nzito zaidi, ni "kipimo". Hospitalini, kipimo ni uchunguzi ("nimeandikiwa vipimo"), ni kiasi cha dawa, na katika baadhi ya maandishi ni kiasi cha mionzi pia. Mzazi akiambiwa kwamba "kipimo cha mtoto kimezidi" atadhani amefanyiwa uchunguzi mwingi au amegunduliwa ugonjwa. Ndiyo maana "kiasi cha mionzi" kimependelewa hapa, ingawa ni kirefu. Palipo na hatari kwa mtoto, urefu wa istilahi si dosari.

Mifano hii inaafikiana na msimamo kwamba istilahi ianzie kwenye dhana na ijaribiwe katika sentensi halisi ya kazi. Istilahi inayopendeza kamusini na kushindwa katika mkataba haijakamilika.

5.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kuteua mfumo wa eksirei ya tarakilishi ni kazi ya kuuliza kuhusu mambo yasiyoonekana katika picha ya maonyesho: wagonjwa wa saa za asubuhi, nafasi ya kuhifadhia, vipuri vya miaka ijayo na, zaidi ya yote, kiasi cha mionzi ambacho uzuri wa picha hukificha. Hospitali iliyobanwa na fedha inaweza kuridhia pikseli kubwa kidogo au mashine isiyo ya kasi. Haifai kuridhia mfumo usioonyesha kiashirio cha mionzi wala kuhifadhi orodha ya picha zilizofutwa.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kazi iliyo mbele ni ya vitendo. Idara za Kiswahili zinaweza kushirikiana na vyuo vinavyofunza radiografa, kama vile Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, kuandaa orodha fupi ya istilahi pamoja na mwongozo wa ukurasa mmoja wa kutundikwa ukutani: namna ya kubeba kaseti, wakati wa kuifuta, na maana ya jumlisha 3. Kazi hiyo ikifanywa vyema, muuguzi wa zamu ya usiku atakayeiona namba hiyo kwenye skrini atajua kwamba mtoto aliye mezani amepigwa mionzi maradufu, na atakuwa na maneno ya kumwambia radiografa kabla ya mtoto anayefuata kuingia.